Daftari ya Timu

Mimi nilizaliwa Tanga, na marehemu baba yangu alikuwa na duka dogo karibu na soko. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, aliketi juu ya gunia la mchele akaandika katika daftari yake mauzo yote ya siku ile, hata kiberiti kimoja. Nilipokuwa mtoto niliiona kazi hiyo kuwa ya kuchosha mno, wala sikujua ya kuwa itanifuata mpaka Marekani.

Sasa nakaa Columbus, katika jimbo la Ohio. Mwaka 2018 binti yangu, naye alikuwa na umri wa miaka 12, alichaguliwa kuingia katika timu ya wasichana ya softiboli. Labda ninyi hamjauona mchezo huo. Ulianza Chicago mwaka 1887, nao ulichezwa ndani ya nyumba. Siku hizi huchezwa uwanjani. Mrushaji hutupa mpira kwa mkono unaopita chini, karibu na paja. Mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Maana ya jina lake ni mpira laini. Ulinipiga mguuni siku moja, nami nawaambia, si laini hata kidogo.

Timu yetu haikuwa ya shule. Ilikuwa timu ya kusafiri, yaani huenda mji hata mji siku za Jumamosi na Jumapili ili kushindana, na gharama zote ni juu ya wazazi. Tulipokutana kumchagua mtunza hazina, kila mtu alitazama viatu vyake. Nami kwa ujinga wangu nikasema ya kuwa baba yangu alikuwa mwenye duka. Basi, shauri likaisha pale pale.

Wasichana walikuwa 12, na kila nyumba iliagizwa kutoa dola 850, jumla dola 10,200. Mashindano manane yalitaka dola 4,200 za kiingilio. Wakati wa baridi, theluji ilipofunika viwanja, tulikodi ukumbi wa mazoezi kwa dola 2,400. Sare zilikula dola 1,440. Mipira, magongo na kinga za mdakaji dola 1,100. Bima dola 260. Tena niliweka dola 600 kwa ajili ya waamuzi, kwa maana mahali pengine hulipwa fedha taslimu uwanjani kabla ya mchezo kuanza. Zikabaki dola 200 tu za dharura. Petroli na hoteli kila nyumba ilijilipia, lakini kupanga vyumba kulikuwa kazi yangu.

Kuhesabu hakukunisumbua sana. Kudai ndiko kulikoniondolea usingizi. Palikuwa na mama mmoja aliyetoka Bukavu, naye alifanya kazi usiku, akifua mashuka. Alilipa dola 50 leo, kisha mwezi mzima hakuleta kitu. Siku moja, wazazi wengine wakisikia, nikamwambia uwanjani, “Mama, deni hili litakwisha lini?” Akajibu, “Nitalipa, Baba,” akaenda kusimama peke yake nyuma ya uzio. Binti yangu aliyasikia hayo. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema nami neno.

Mwezi wa Juni tulikwenda Indianapolis, safari ya kilometa 280 hivi. Jumamosi tulicheza michezo mitatu, mvua ikinyunyiza tangu asubuhi. Hata Jumapili ikanyesha kwa nguvu, viwanja vikawa matope, tukarudi. Jumanne usiku nikafungua bahasha ya fedha, nikalinganisha na daftari. Zilipungua dola 210. Nikahesabu mara ya pili na ya tatu. Nikatafuta garini, chini ya viti, hata ndani ya viatu vyangu vilivyolowa.

Mke wangu akasema, “Mwenzangu, tuzitoe katika mshahara wetu. Nani atajua?”

Shauri hilo lilinipendeza sana. Lakini nikamkumbuka baba. Zamani alipungukiwa shilingi 40 za duka, akazilipa kimya kimya ili mwenzake katika biashara asimfikirie vibaya. Baadaye yule mwenzake alipogundua, alisema, “Mtu asiyeiba arudishe nini?” Urafiki wao ukafa, na baba hakupata kujitetea hata mwisho.

Basi nikawakusanya wazazi, nikawaonyesha daftari na bahasha. Wakanyamaza. Baba mmoja akauliza ni nani mwingine aliyeishika bahasha ile. Nikamjibu, “Hakuna. Ni mimi tu.” Nikaona jasho likinitiririka mgongoni.

Ndipo yule mama wa Bukavu akasema, “Baba, umesahau? Mimi ndiye niliyekushikia mwavuli. Uliwapa waamuzi dola 70 kabla ya kila mchezo, mara tatu. Ulitaka kuandika, ila karatasi ilikuwa imelowa.”

Nikapiga hesabu: sabini mara tatu. Katika mashindano yaliyotangulia waamuzi walilipwa ndani ya kiingilio, na kwa haraka ya mvua ile yote yalinitoka akilini. Wazazi wakacheka kwa furaha. Mimi sikuweza kucheka.

Walipotawanyika nikamfuata yule mama mpaka garini kwake, nikamwomba radhi kwa maneno yale ya uwanjani.

Akanitazama kitambo. “Yaliniuma, Baba,” akasema. “Mtoto wangu alikuwapo.”

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa dola 50, lakini hakunipa. Akaninyoshea kalamu.

“Andika kwanza,” akasema.

Nikaiweka daftari juu ya gari, nikaandika.