Hivyo vipele si vya wembe

Haydom, 9 Julai

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku. Najua simu yako hushikwa na kila mtu hapo nyumbani, ndiyo maana nimeona nikuandikie barua na kumpa kijana anayeshuka Basotu kesho. Picha uliyonitumia nimeiona na nimeifuta. Nawe ifute. Sehemu za siri za mtoto hazikai kwenye simu, hata kama aliyepiga ni mama yake mwenye hofu.

Umesema vipele vina wiki mbili, ni vyekundu, mtoto analia akikojoa. Umesema pia mama mkwe ameviona, akasema ni lawalawa, na kwamba yuko bibi wa kijiji cha jirani anayejua kuitibu kwa wembe. Kabla sijasema lingine lolote: usimwache mtoto na mtu yeyote mpaka nifike. Ukienda kuchota maji, mbebe mgongoni.

Nimefanya ukunga miaka 31. Kila nilipoletewa mtoto aliyesemwa ana lawalawa, nikamvua nepi na kumtazama kwenye mwanga, nilikuta kitu chenye jina na chenye dawa. Basi mtoe na wewe mchana, mlaze kwenye kanga safi, mtazame bila haraka. Kama wekundu uko pale nepi inapogusa, na ndani ya mikunjo ya mapaja ngozi ni nzima, hiyo ni ngozi iliyochomwa na mkojo. Baridi yetu ya Julai inatufanya tumfunge mtoto nepi mbili na nailoni juu, na humo ndani ngozi inaiva. Kama mikunjo yenyewe ndiyo nyekundu sana, na pembeni kuna vidoa vidogo vilivyotawanyika, hao ni fangasi, na wana krimu yao. Sasa tazama viganja, nyayo, kwapa na katikati ya vidole. Ukikuta vipele huko pia, na usiku hamlali kwa kujikuna, wewe na baba yake, basi ni upele. Upele hautibiwi kwa mtoto peke yake. Nyumba nzima mtapakwa dawa siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.

Katika picha niliona mikunjo imewiva. Nadhani ni fangasi, ila picha si macho, sitaki uanze dawa kwa kukisia kwangu. Nenda zahanati na kadi yako ya kliniki. Angalia pale palipoandikwa kipimo cha kaswende ulipokuwa mjamzito. Kama pako wazi, mwambie nesi akupime, maana kaswende ya mama humfikia mtoto tumboni na huweza kutoa vipele, hata kwenye viganja na nyayo. Hiyo si aibu, ni sindano. Na ukiona malengelenge, usaha, kidonda, vinyama kama chunjua au damu, au mtoto akipata homa, usiishie zahanati, nenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari akikuuliza nani hubaki na mtoto, usikasirike. Ni lazima aulize, kwa sababu vidonda vya namna hiyo mara nyingine huletwa na mtu mzima.

Kwa leo vua nailoni. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu matupu, mkaushe kwa kumgusagusa bila kusugua, umwache wazi juani kidogo kila siku. Usipake tumbaku, wala chumvi, wala majani.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuwa mkali. Miaka mingi iliyopita, usiku, tuliletewa mtoto wa miezi minne amefungwa kanga iliyolowa damu. Walikuwa wamemkata kutibu lawalawa. Tulipomsafisha na kuzuia damu, nikainua paja lake dogo, na vile vipele vilivyosababisha akatwe vilikuwa palepale kwenye mkunjo, havijapungua hata kimoja. Walikuwa fangasi. Kwa krimu tuliyompa vilikauka kabla kidonda hakijapona. Yule mtoto aliishi. Mama yake alikaa kitandani amenyamaza, akiitazama ile tyubu ndogo ya krimu mkononi mwake.

Mama mkwe wako simchukii. Neno hili la lawalawa lilishika Singida na Dodoma baada ya serikali kukataza ukeketaji, miaka iliyofuata Azimio la Arusha, kisha likawa la kwetu pia. Watoto waliwashwa kama watoto wanavyowashwa siku zote, wazee wakasema mizimu imekasirikia kuachwa kwa mila, na dawa ikawa ileile iliyokatazwa. Wembe ukahama kutoka kwa mabinti hadi kwa wachanga, kwa sababu mchanga hawezi kusema. Mama mkwe naye alifundishwa hivyo akiwa binti, na anaamini anamwokoa mjukuu. Usibishane naye mbele ya watu. Mwambie, "Mama, nisindikize zahanati, nawe usikie mwenyewe." Akimsikia nesi akiutaja ugonjwa kwa jina lake, atakuwa na cha kuwaambia wenzake bila kushindwa na mkwe.

Mumeo mwambie wazi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 haimgusi ngariba tu, inamgusa pia mzazi au mlezi anayesababisha binti wa chini ya miaka 18 akatwe, na kifungo chake ni kuanzia miaka mitano hadi 15. Wakija kumkata mtoto kwa nguvu, piga 116, namba ya watoto, ni bure.

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 uliwakuta wanawake 58 katika kila 100 wa Manyara wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 43. Mimi nimo katika hao. Wewe humo, kwa sababu baba yako, kaka yangu, alisimama mlangoni usiku walipokuja kukukata, na fimbo yake ya kuchungia mpaka kukapambazuka. Mama yako hajawahi kukusimulia, nami nilimwahidi nitanyamaza. Leo nimeona nikuambie.

Ijumaa nitapanda gari la asubuhi. Nakuja na nepi sita za pamba na ile krimu, tutaifungua nesi akishamwona mtoto. Mwambie mama mkwe nitalala kwenu siku mbili, na kwamba nimemletea sukari.

Shangazi yako