Ushuru wa Caguwa

Katika Kinyarwanda nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, kisha zikaletwa kuuzwa huku, huitwa caguwa. Msomaji wetu hahitaji kamusi: ni kitenzi chetu chagua, kilichovuka mpaka pamoja na mali. Wenzetu wa Kenya na Tanzania waliutazama mzigo, wakaziita mitumba. Wanyarwanda wakautazama mkono wa mnunuzi unaopekuapekua. Sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Kigali, ambao kwa mshahara wa mwalimu mashati yetu mengi yalitoka katika mafungu hayo, twaliona jina hili la pili kuwa ndilo lenye ukweli zaidi.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizo hatua kwa hatua, ili viwanda vya kwetu vipate pumzi. Mwaka huo huo Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi. Tarehe 30 Julai 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia huko bila ushuru, waliyokuwa nayo chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000.

Jambo hilo tulilipeleka darasani liwe mdahalo. Waliotetea ushuru walinena kwa ufasaha juu ya heshima ya taifa na kijana anayejifunza cherehani. Hoja yao hatuidharau hata kidogo. Fundi atashindanaje na shati ambalo gharama ya kulishona ilikwisha kulipwa na mvaaji wa kwanza?

Ndipo mwanafunzi mmoja wa upande wa pili akaomba chaki. Suruali ya nusu kilo, alisema, ilikuwa ikitozwa senti 10 za dola. Ikawa dola 1.25. Na vazi la hariri lenye uzito huo huo? Dola 1.25 vile vile. Darasa likanyamaza. Neno ushuru tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi: mwenye mali nyingi hutoa zaidi, mwenye kidogo hutoa kidogo. Mizani haina busara hiyo. Anayelemewa ni yule anunuaye vazi la bei ya chini kabisa.

Hata hivyo kura zilikwenda kwa watetezi wa ushuru, nasi hatukushangaa. Vijana hupenda nchi yao isimame wima. Lakini wanunuzi wengi hawakwenda kwa fundi wa mtaani. Walikwenda kwenye nguo mpya za bei nafuu kutoka China, na caguwa nyingine zikaendelea kuingia kwa njia za panya kutoka Kongo. Fundi mwenyewe kitambaa, zipu na uzi wake mwingi hutoka ng'ambo. Kwa maoni yetu ushuru huo ungalipanda kidogo kidogo, kwa kadiri ya kazi ya viwanda, tena ungalipimwa kwa thamani ya nguo wala si kwa kilo. Kwa namna ulivyowekwa, mama wa kijijini alianza kulipia kiwanda kabla hakijamshonea mtoto wake hata kaptura moja.