Nani Awashe Jiko?

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali. Mwalimu wetu hututaka tutumie lugha hii nyumbani katika jambo moja la kila siku, hata liwe dogo. Wenzangu wengi walichagua kuandika shajara. Mimi nilichagua orodha ya kazi, kwa sababu kwetu orodha ilikuwepo tayari, imebandikwa ukutani jikoni tangu mama alipotoka hospitalini mwaka jana.

Mama ana kisukari. Hutumia insulini asubuhi na jioni, na aina aliyoandikiwa hudungwa kama nusu saa kabla ya chakula. Akidungwa asipokula, sukari hushuka, akaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote katika nyumba yetu ni sindano, lakini haikai mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza ni jiko la mkaa. Mkaa ukiwa na unyevu, uji unachelewa. Uji ukichelewa, sindano inangoja. Sindano ikingoja, nami nalikosa basi la chuo.

Rafiki yangu anayesomea uhasibu alinionyesha mraba wa vyumba vinne unaohusishwa na Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961. Kila kazi unaiuliza maswali mawili: ni muhimu? Ni ya haraka? Ikiwa yote mawili, ifanye sasa. Muhimu isiyo ya haraka, ipangie siku. Ya haraka isiyo muhimu, mpe mtu mwingine. Iliyobaki, achana nayo. Kwa kazi za chuo naufuata mpaka leo. Nyumbani, kazi zote zilijazana chumba kimoja, na kile chumba cha "mpe mtu mwingine" nilikiona kimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye makatibu.

Orodha ya zamani ilikuwa ya Kinyarwanda, na vitenzi vyake havikuwa na mtu: kuwasha jiko, kuchota maji, kununua sabuni. Nilipoiandika upya kwa Kiswahili, tulikuwa tunasoma darasani vitenzi vinavyoishia na -e, basi nikavitumia. Niwashe jiko. Nimdunge mama. Nipike uji. Nichote maji. Nifue sare.

Mdogo wangu, mwenye miaka 14, alisimama mbele ya karatasi na kikombe mkononi.

"Dada, kila mstari unaanza na ni. Mimi sikai humu?"

Mama alicheka, kisha akaomba kalamu. "Na hilo la kunidunga lifute, mwanangu. Andika: Mama ajidunge. Mikono ninayo."

Nilisita. Wauguzi walikuwa wamemfundisha, lakini alirudi nyumbani dhaifu, vidole havitulii, ndipo kazi hiyo ikawa yangu. Dozi ikizidi kidogo tu ni hatari. Tulikubaliana kwamba kwa wiki moja nikae karibu naye nitazame kipimo kwenye bomba la sindano. Siku ya tatu aliniambia nikatazame uji.

Sasa inasomeka hivi: mdogo wangu awashe jiko saa 11:30 alfajiri, mama ajidunge saa 12:00, nipike uji, tule saa 12:30. (Saa za Kiswahili na za Kinyarwanda zinakubaliana, simu yangu tu ndiyo inayobisha.) Mambo ya sabuni na vitabu vya maktaba yako chini, na yasipofanyika yanahamia kesho. Likihama mara tatu, tunalifuta tuone nani atalalamika. Mara nyingi hakuna.

Mwezi ujao nakwenda Huye kwa wiki sita za mazoezi ya kufundisha. Orodha ya wiki hizo tayari iko ukutani. Ameiandika mdogo wangu, kwa hiyo safari hii ni- ni yeye: niwashe jiko, nipike uji, nichote maji. Mama ajidunge iko palepale. Chini kabisa mama ameongeza mstari kwa mkono wake: Dada apige simu Jumapili, asipige kila asubuhi.