Visahani vya cherehani ya Mama Mdogo

Mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, mafundi wa Ngamiani, Tanga, tuliletewa nguo tusizozizoea: trakisuti, fulana, bukta za kitambaa kinachovutika. Cherehani nyingi mtaani zilikuwa za miguu, zenye mshono mmoja tu ulionyooka. Bukta iliyoungwa kwa mshono huo ilipendeza ikiwa imening'inia. Mvaaji akichutama, kitambaa kilivutika, uzi haukuwa na pa kuvutikia, ukakatika.

Mama Mdogo alikuwa na Elna Supermatic, aina iliyoanza kutengenezwa Uswisi mwaka 1952. Aliinunua kwa familia ya wageni waliokuwa wakiondoka kwenye mashamba ya mkonge. Ilikuja na visahani vidogo vyenye kingo zilizochongwa mabonde na vilima. Ukipachika kimoja ndani ya cherehani, sindano ilifuata michongo ile ikienda kushoto na kulia. Vingine vilikuwa na kingo mbili: ya pili iliamuru meno yanayosukuma kitambaa, yakaenda mbele na kurudi nyuma.

Wateja walifuata mishono ya maua. Mabibi harusi watarajiwa walileta mashuka na foronya tuzitie pindo za mawimbi, nyuzi nyekundu juu ya nyeupe. Kazi yangu ilikuwa kuweka karatasi ya daftari chini ya kitambaa ili kisijikunje pale mishono inapobanana, kisha kuichana polepole. Niliipenda mno kazi hiyo. Hadi leo foronya yenye pindo tupu naiona haijaisha.

Lakini ufundi wa Mama Mdogo niliuona kwenye mishono isiyosifiwa na mtu. Mpira wa kiuno aliushona kwa zigzagi ya hatua tatu: sindano huchoma mara tatu ikienda upande mmoja, mara tatu ikirudi, hivyo uzi hubaki na akiba ya kunyooka. Nilipokishika kitambaa kwa nyuma nikisaidie kupita, alinigonga mkono.

"Usivute, mwanangu. Waachie meno."

Alikuwa sahihi. Fulana iliyovutwa chini ya sindano hutoka na pindo lililolegea, na pasi hailirudishi kila mara.

Siku moja nahodha wa timu ya mtaa alikuja kuchukua bukta aliyoiacha kwa majaribio. Akashika mshono wa kati kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu mbele ya wenzake. Uzi ukaenda na kitambaa, ukarudi nacho. Akauvuta tena.

"Haya," akawaambia, "leteni zote."