Lugha ndogo ya kuchezea harambee

Siku hizi jioni zangu zinaliwa na kitu kimoja: natengeneza lugha ya kompyuta. Si ya kushindana na Python, la hasha. Hii itajua kazi moja tu, kuandika majaribio ya nadharia ya michezo, yaani ile hesabu ya watu ambao faida ya kila mmoja inategemea wenzake wameamua nini.

Zana zipo. Kuna z-Tree ya Urs Fischbacher, aliyoieleza kwenye makala ya 2007, na kuna oTree inayotumia Python. Nzuri zote. Lakini mwalimu wa uchumi anayetaka jaribio la dakika ishirini darasani hataki kwanza asomee programu.

Chukua jaribio la Ernst Fehr na Simon Gächter la 2000. Sisi tungeliita harambee. Kwangu linaandikwa hivi:

mchezo harambee
wachezaji 4
kila mmoja apewe 20
chagua mchango 0 hadi 20 kwa siri
fungua mchango
malipo = 20 - mchango + 0.4 * jumla(mchango)
rudia 10

Wote wakitoa 20, kila mtu anaondoka na 32. Mjanja mmoja akibana zake huku watatu wakitoa zote, yeye anapata 44. (Mnawajua watu hao, msijifanye.)

Moyo wa lugha ni hayo maneno "kwa siri" na "fungua". Katika Python mchango ni kigezo kama vingine. Mstari mmoja uliokaa vibaya unamwonyesha mchezaji wa nne walichotoa wenzake. Programu inaendelea vizuri tu, hakuna onyo, na data yote haifai. Kwangu, ukigusa mchango kabla ya "fungua", programu inakataa kuanza. Kwa hili sitabadili msimamo hata nikiambiwa lugha ni ya kibabe.

Kinachonisumbua sasa ni sehemu ya pili ya jaribio, pale wachezaji wanapolipa ili kuwaadhibu wabahili. Kila raundi namba za wachezaji zinachanganywa upya, ili mtu asilipize kisasi cha raundi iliyopita. Kwa hiyo mchango uonekane, mwenye mchango asitambulike. "Siri" na "fungua" hazitoshi hapo. Nafikiria neno "barakoa". Mwenye neno zuri zaidi aniandikie.