Swali Lisilokuwa Kitabuni

Mbeya, Jumatatu 8 Agosti 2022

Leo Mwanjelwa yote imehamia Uyole. Tangu alfajiri daladala zinapita zimeshona watu wa viwanja vya John Mwakangale, maana Nanenane ya kitaifa mwaka huu iko kwetu na Rais Samia ndiye mgeni rasmi. Mimi nimebaki kibandani. Nilikuwa na redio ya mteja mezani, National ya bendi tatu, uzi wa kutafutia stesheni umekatika. Niliufunga mshipi wa kuvulia samaki, nikauzungusha kwenye kapi, nikaukaza kwa springi mpaka mshale ukaanza kutembea tena juu ya namba. Kuijaribu tu, nikadaka hotuba.

Alipofika kwenye mbolea ya ruzuku, wapita njia wanne walisimama. Hatujuani. Mmoja, mwenye buti za shamba, akauliza: anayesajiliwa ni mwenye shamba au anayelikodi? Hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika, ila kila mmoja alikuwa na lake la kusema, hata mama muuza ndizi akaweka beseni chini. Walikaa kama dakika ishirini. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho redio ilikusanya watu hapa kwangu.

Jumamosi 13 Agosti

Kijana ameleta kispika kidogo, kile kinachoshika simu bila waya. Alikinunua Nanenane, kimedumu siku tano. Nilikigeuza pande zote nikitafuta skrubu. Hakuna hata moja. Kimebandikwa gundi kuanzia juu mpaka chini. Nikapitisha wembe kwenye mshono, nikakipasua kama mtu anayepasua ganda la karanga, ndani nikakuta betri imevimba. Betri ya aina hiyo hapa Mbeya sijaiona. Kijana akanipa pole mimi. "Usijali fundi, nitachukua kingine."

Kwenye rafu nina sabufa saba na televisheni bapa nne ambazo wenyewe hawajarudi. Moja bado inalipiwa mkopo, na kioo kimeshapasuka. Wateja wangu hawa si wajinga. Ni watu wanaohesabu fedha yao vizuri sana, na hesabu inawaambia kwamba ufundi wangu ni ghali kuliko kitu kipya. Kinachoniuma ni kwamba mtengenezaji ameamua kwa niaba yetu, huko huko kiwandani, kwamba kitu hiki hakitafunguliwa na mtu yeyote.

Jumanne 23 Agosti

Siku ya Sensa, mapumziko. Karani alifika saa nne, mwalimu wa kike, kishikwambi mkononi. Akatuuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo, umri, elimu, maji tunachota wapi, choo cha aina gani, paa la nini. Tulipofika kwenye mali za kaya akauliza redio. Nikamwambia moja ni yetu, kumi na nne ni za watu. Akaandika moja.

Alifanya kazi yake kwa heshima kubwa, akirudia swali pale mke wangu aliposita. Nilipenda kuona mtu katumwa na serikali kukaa kwenye kiti changu, ananisikiliza na kuandika ninachosema. Alipofunga kifuniko nikamuuliza kama kuna mahali pa maoni. Akasema, "Hapana, baba. Ni maswali haya tu."

Jumatano 31 Agosti

Binti wa uwakala wa fedha za simu, jirani yangu, amekaa tangu asubuhi bila foleni. Miaka mitatu iliyopita kiti chake kilikuwa hakipoi. "Baba, watu wanatoa mara moja kwa mwezi, wanakaa na fedha ndani," akaniambia.

Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Tangu tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai mwaka jana, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, fedha ya mama yangu inakwenda kijijini Tanangozi kwa bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi. Ndivyo baba yangu alivyokuwa anatumiwa fedha enzi zake. Waliipunguza mwaka jana, wakaipunguza tena Julai hii ikawa haizidi 4,000, lakini Julai hiyohiyo ikaingia na kwenye benki. Sasa wenye mishahara nao wanalia, na kelele imekuwa kubwa kuliko ile ya kwetu.

Sijawahi kusema kodi ni dhuluma. Serikali imesema fedha hii inajenga madarasa na vituo vya afya, na mimi nina wajukuu wanaokaa kwenye madarasa hayo. Kinachonikaa kooni ni kingine. Zamani, Bunge lilipokuwa linaoneshwa moja kwa moja, benchi langu lilijaa kuanzia kipindi cha maswali. Watu waligombana hapa mpaka nikawatishia kuzima. Januari 2016 waziri, Nape Nnauye, akatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote mubashara, ni gharama. Wiki mbili tatu watu walikuja kuuliza, kisha benchi likabaki tupu. Bajeti ya tozo ikapita, nami nikaijulia kwenye salio la simu. Kama ningeisikia inajadiliwa, kifungu kwa kifungu, mbunge huyu akikubali na yule akikataa, huenda ningeilipa bila kinyongo.

Keshokutwa nampelekea Mama mwenyewe.

Ijumaa 2 Septemba, ndani ya basi na baadaye Tanangozi

Tuliondoka Mbeya bado giza. Chimala, Igawa, Makambako, jua likiwa upande wa kulia usoni kwangu. Mbele kuna televisheni inaonesha muziki, lakini karibu kila abiria ana spika zake masikioni.

Baada ya Makambako nikaanza kuangalia vibao. Leo ni miaka 10 kamili. Tarehe 2 Septemba 2012, hapo Nyololo, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari wa Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA waliokuja kufungua tawi. Na sababu ya kuzuia shughuli ya chama ilikuwa nini? Sensa. Ile ya mwaka 2012 ilikuwa imeongezewa siku, ikaelezwa kwamba siasa zisubiri watu wamalize kuhesabiwa. Nimekuwa nikiliwaza hilo tangu karani alipotoka nyumbani kwangu. Mwangosi alikuwa mtu na kamera yake, kazini. Picha walizopiga wenzake zikachapishwa magazetini, nchi nzima ikaona. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, kifungo miaka 15.

Basi halikusimama Nyololo. Nilivua kofia. Kijana niliyekaa naye, anasoma chuo Iringa, akachomoa kispika cha sikio moja akaniuliza, "Mzee, kuna msiba?" Nikamweleza. Alikuwa na miaka tisa wakati ule, hakuwahi kulisikia jina hilo. Akalitafuta kwenye simu palepale, akasoma kimya, akanionesha ile picha. Tukazungumza mpaka Mafinga. Aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: waandishi waliobaki Iringa, kesho yake walikwendaje kazini? Nimeanza safari nikizilaumu hizi simu. Simu yake ndiyo iliyotupa mazungumzo.

Tanangozi, Jumapili 4 Septemba

Mama ana nguvu. "Kamwene," akaniambia mlangoni, akaishika mikono yangu yote miwili muda mrefu kuliko kawaida. Bahasha hakuifungua, aliiweka chini ya mto.

Leo baada ya ibada ameniambia nifungue sanduku la bati la marehemu baba. Chini kabisa, chini ya koti, kuna redio yake, na ndani ya kitambaa kuna kitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya. Jalada limeliwa na mende. Nilikaa nacho kizingitini kama mtoto.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1973. Redio Tanzania na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima waliendesha kampeni hiyo kwa majuma 12, watu wapatao milioni mbili nchi nzima wakasikiliza kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa. Malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Kiongozi wa kwetu alikuwa baba. Kazi yangu mimi ilikuwa betri. Zilipoanza kufa nilizipanga kwenye ungo nikazianika juani tangu asubuhi, jioni zikapata nguvu za kipindi kimoja. Nikizichukua zilikuwa za moto, nilizihamisha mkono huu na huu mpaka kwa baba.

Watu walikaa uani. Kipindi kikiisha baba alizima redio mara moja ili betri zisife, kisha akasubiri. Huo ukimya ninaukumbuka kuliko sauti ya mtangazaji. Halafu alisoma swali kitabuni na kila mtu alijibu, hakuna kuruka. Mama ananiambia ndipo alipozungumza mbele ya baba mkwe wake kwa mara ya kwanza. Kwa Mhehe hilo si jambo dogo. Alisema wanaume wanapanga vyoo lakini maji ya kunawa yanabebwa kichwani na nani? Babu akaangalia chini, akasema, "Ameuliza vema."

Nyuma ya kitabu kuna majina 11 kwa penseli, mwandiko wa baba, na kila jina lina alama ya choo kilichochimbwa. Jina moja alama yake imechelewa, imeandikwa kwa wino. Nikamuuliza Mama. Alikuwa mzee mmoja aliyekataa. Siku ya majadiliano alisimama akasema mmeniambia nichimbe, hakuna aliyeniuliza kwangu chini kuna nini. Walipokwenda wakakuta mwamba. Kikundi kizima kikahamia kwake na mitaimbo, siku tatu.

Nikasema hivi ndivyo watu wanavyopaswa kujadiliana, wasikilize, wabishane, kisha wabebe mitaimbo. Mama akanikatiza, na akashusha sauti, kwake mwenyewe, miaka karibu 50 baadaye.

"Vyoo vile hatukuvitumia. Mwaka uliofuata tukahamishwa."

Kweli. Mwaka huohuo wa 1973 agizo lilitoka kwamba kuishi vijijini ni lazima, na 1974 lori likatuteremsha hapa kando ya barabara, kutoka mlimani. Tuliviacha vyote 11, hata kile cha kwenye mwamba. Nikamuuliza kama kikundi kilijadili. Akashangaa na swali langu. "Kwa kitabu gani?" Na baada ya mambo ya Isimani, akasema, nani angesimama kubisha? Hapa kwetu kila mtu aliikumbuka Krismasi ya 1971, mkulima Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa Dk. Klerruu shambani kwake huko Isimani, na baadaye akanyongwa.

Nimekaa na jambo hili mpaka usiku. Baba yangu aliuliza kila swali lililokuwa kitabuni, kwa haki, bila kumruka mtu. Swali kubwa la mwaka ule halikuwamo. Walikusanywa wakafundishwa kuzungumza, kisha lilipokuja la nyumba zao na mashamba yao wakaambiwa wapande lori. Nilikuja hapa nikitaka kuyasifu ya zamani, na bado nayapenda, lakini siwezi kuyasifu mbele ya Mama kama yeye hayasifu.

Ameniambia niondoke na redio.

Mbeya, Ijumaa 9 Septemba

Malkia Elizabeth amefariki jana, simu zote zina London. Kibandani vijana walibisha niliposema aliwahi kuwa malkia wetu. Ndiyo, Tanganyika, tangu uhuru wa Desemba 1961 mpaka Jamhuri, 9 Desemba 1962. Mwaka mmoja. Na alikuja Tanzania 1979. Walikwenda kuthibitisha kwenye simu, wakarudi kimya.

Redio ya baba haina FM, ni ya mawimbi ya zamani tu. Nimeisafisha. Springi za betri zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, nimezisugua kwa limau. Spika bado nzima, karatasi yake haijatoboka hata kidogo.

Jumanne 20 Septemba

Mchana kijana wa bodaboda alikuja mbio na simu juu. Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, yuko bungeni anataja marekebisho ya tozo. Tukaunganisha simu yake kwenye sabufa mojawapo ya zile zilizotelekezwa, tukasikia wote: kutoka benki kwenda simu na simu kwenda benki imefutwa, kutoa kwenye mashine kisichozidi 30,000 imefutwa, kikomo cha 4,000 kinashuka kuwa 2,000, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Bando likakata katikati, mwingine akatoa lake.

"Ni sisi, fundi," kijana akasema. "Ni kelele za mitandaoni." Nilimkubalia mbele ya wote, kwa sababu ni kweli. Hakuna kitabu kilichowapa swali hilo. Walilipata mifukoni mwao, wakalipiga kelele kila mmoja kwenye simu yake, mpaka likafika Dodoma.

Kisha nikazima sabufa, nikasubiri kama baba. Ilikuwa vigumu, watu hawajazoea. Bodaboda akaanza kuangalia simu. Nikamuuliza binti wa uwakala yeye aulize nini kama waziri angekuwa amekaa benchi hili. Alifikiri. Akasema anataka kujua vituo vya afya vilivyojengwa kwa fedha ya mwaka mzima viko wapi na wapi, mkoa wetu, majina, ili akaone kimoja. Mama wa ndizi akasema yeye anakijua kimoja, jengo lipo, dawa je? Mzee mmoja akasema tusiondoe tozo yote basi, tuulize dawa. Wakaanza kubishana vizuri. Nimeyaandika majina saba nyuma ya daftari hili, kwa penseli, na mbele ya kila jina swali lake.

Usiku nimemaliza redio. Nimeingiza kibao kidogo cha FM ndani ya ganda la zamani, nikakilehemu kwenye spika ileile, kitufe cha baba ndicho kinachozungusha. Inaondoka kesho alfajiri kwa kondakta pamoja na bahasha, kwa kuwa Oktoba bado. Nimetia betri mpya nne, na ndani ya bahasha nimemwandikia Mama kwamba zikiisha anunue nyingine, asizianike.