Kutoka "Uzembe Wake" hadi Mstari wa Manjano

Kijana wa Likoni alipofika Dubai mwaka 2009, alipanga kitanda International City, ambako mitaa imepewa majina ya nchi: China, Ufaransa, Urusi, Morocco. Jirani ni Dragon Mart, soko la bidhaa za Kichina lililofunguliwa 2004, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh huja kutafuta mali. Alipata kazi ghalani, kushusha vigae na masinki.

Siku hizo watu na foklifti walipita njia moja. Kuli alisimama chini ya paleti iliyoinuliwa, akisukuma kwa mkono boksi lililokaa upande. Siku moja nailoni ya kufungia ilipasuka, vigae vikaporomoka kutoka rafu ya juu na kumvunja mguu mwenzake, Mganda.

"Uzembe wake," alisema msimamizi. Ghala zima likaamini, na kijana huyo pia.

Imani hiyo ilianza kuyumba alipojifunza kuendesha ili apate leseni ya foklifti. Kumbe mashine ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 4. Hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake humfagia aliyesimama kando. Mzigo ukiwa juu, kona ya kasi huipindua, na dereva anayeruka hubanwa na paa lake la chuma. Usalama wake ni kufunga mkanda na kushikilia usukani. Mtu wa miguu, hata awe makini vipi, hashindani na uzito huo.

Ghala alilohamia baadaye lilipangwa kwa kuelewa hilo. Njia ya waendao kwa miguu ilichorwa kwa mstari wa manjano na kuwekewa vyuma. Taa ya buluu ilimulika sakafu mbele ya foklifti kabla haijatokea konani. Paleti iliyopasuka ubao haikupandishwa rafuni.

Sheria ya kazi ya huko nayo ilisogea, ila si kwa wote. Ile ya 1980 iliweka fidia ya kifo kazini kuwa mshahara wa msingi wa miezi 24, kati ya dirham 18,000 na 35,000. Kanuni za 2022 zilipandisha kiwango cha juu hadi 200,000. Cha chini kikabaki 18,000. Kwa kuli mwenye mshahara wa msingi wa dirham 800, familia bado hupata 19,200, sawasawa na hesabu ya 1980.

Sasa yeye ndiye msimamizi. Mzigo ukianguka, hukagua kwanza paleti, rafu na njia, kisha ndipo humuuliza mtu.